Central Park si ya kiangazi tu

Nimesoma makala moja ya utalii ambayo mwandishi wake anashauri watalii waende Central Park, bustani kubwa ya jiji la New York, kati ya Juni na Agosti, kwamba miezi mingine "hakuna cha kuona". Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kiangazi ndipo watu wanapojazana na joto linapochosha.

Mwezi Mei ndio wenyewe. Bustani ile ina hekta 341 za kijani katikati ya zege, na iko kwenye njia ya ndege wanaohama kwenda kaskazini. Wanasafiri usiku, kukikucha wanaliona pori hilo na kushuka kula wadudu. Nenda asubuhi na mapema sehemu iitwayo Ramble, usimame kimya: utawaona vindege wa manjano, wadogo kuliko kiganja, wakirukaruka kwenye majani machanga yaliyochipua juzi tu.

Vuli sina haja ya kuisifia, picha zake kila mtu kaziona.

Baridi ndiyo inayoonewa. Majani yakishapukutika unaona umbo lenyewe la ardhi, pamoja na miamba yenye michirizi mirefu iliyochongwa na barafu ya kale. (Maziwa yote mle yalichimbwa na watu, jambo ambalo makala haikuligusa.) Na ile miti mikubwa ya elmi kwenye njia ya Mall, matawi yakiwa matupu, hupendeza kuliko ikiwa imefunikwa majani.

Anayekwenda Januari avae viatu visivyoteleza. Vijia vya Ramble hushika barafu siku kadhaa baada ya theluji.