Giaboksi Isishushwe Kabla ya Nyaya Kupimwa

Kuna ubovu mmoja unaomchosha mwenye gari na fundi wake kwa pamoja. Giaboksi ya otomatiki inabadilisha gia vizuri asubuhi nzima, kisha ghafla inang'ang'ania gia ya tatu, gari linakuwa zito kuondoka, taa inawaka kwenye dashibodi, na ufunguo ukizimwa na kuwashwa tena kila kitu kinarudi sawa. Likifikishwa gereji, gari halionyeshi dalili yoyote. Hapo ndipo hukumu hutolewa haraka kwamba giaboksi imekwisha, kwa hiyo ishushwe, ifunguliwe au itafutwe nyingine. Msimamo wangu ni kwamba hukumu hiyo haifai kutolewa kabla ya nyaya, soketi na sensa kupimwa zikiwa kazini, na kwamba fundi anayeshusha giaboksi bila vipimo hivyo anamdhulumu mwenye gari, hata kama nia yake ni njema.

Kinachotokea katika tukio kama hilo, mara nyingi, ni kwamba kompyuta ya giaboksi imepoteza imani na ishara inazopokea, ikakata umeme wa solenoidi zote, yaani koili za umeme zinazosukuma valvu za mafuta, kwa makusudi. Valvu zinarudi zinakosukumwa na springi, presha ya mafuta inapanda hadi kiwango cha juu ili klachi zisiteleze, na giaboksi inabaki na gia moja ya mbele, ambayo hutofautiana kwa muundo, pamoja na rivasi. Kishindo kinachosikika lever inapotoka N kwenda D hutokana na presha hiyo. Wengi hukisikia wakaamini kwamba ndani kuna kitu kimevunjika, kumbe ndiyo kinga yenyewe inayofanya kazi. Ukweli ni kwamba klachi iliyoungua haiponi kwa kuzima ufunguo. Ninakubali kwamba giaboksi inayoteleza kweli inaweza pia kuifanya kompyuta iingie katika hali hiyo ya dharura, na ufunguo ukaiondoa kwa muda, ila gari la namna hiyo litaanza kuteleza tena pindi likipewa mzigo, bila kuchagua siku.

Jambo la kwanza ni kusoma misimbo ya hitilafu bila kuifuta. Msimbo P0700 hausemi chochote zaidi ya kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, na anayeishia hapo hajasoma kitu. Inabidi aingie kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe. Huko atakuta tofauti yenye maana kubwa. P0753, kwa mfano, hulalamikia umeme wa solenoidi A, ilhali P0751 husema solenoidi hiyohiyo haikuleta matokeo yaliyotarajiwa, jambo ambalo laweza kuwa uchafu kwenye valvu. Pamoja na msimbo, kompyuta huweza kuhifadhi hali ya gari wakati wa tukio: joto, mwendo na mizunguko ya injini. Fundi anayefuta misimbo kwanza ili aone kama itarudi, au anayechomoa betri, anautupa ushahidi pekee alioachiwa, na kuchomoa betri kwenye magari mengi hufuta pia yale ambayo kompyuta imejifunza kuhusu uchakavu wa klachi, hivyo gia hubadilika kwa namna nyingine kwa muda na kuleta matumaini ya uongo.

Ubovu unaokuja na kuondoka una sharti lake, na kazi yote ni kulitafuta sharti hilo: je, hutokea gari likishapata joto, baada ya mvua, kwenye matuta, au taa na feni vikiwa vimewashwa? Dereva ndiye anayejua, na aulizwe kwa utulivu. Joto ndilo sharti ninaloliona likisahaulika kuliko yote, wakati hesabu yake ni nyepesi. Ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyouzuia umeme, ambao hupimwa kwa omu, huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Solenoidi yenye omu 12 kwenye nyuzi 20 itakuwa na karibu omu 15.7 mafuta yanapofika nyuzi 100. Kwa volti 12, mkondo wake unashuka kutoka ampea 1 hadi takriban 0.76, na hilo watengenezaji wamelikadiria tangu mwanzo. Sasa weka kwenye njia hiyo soketi yenye kutu inayoongeza omu 4. Gari likiwa baridi mkondo ni ampea 0.75, na giaboksi inafanya kazi kana kwamba haina tatizo. Likipata joto mkondo unaangukia ampea 0.61, na hapo kompyuta inayofuatilia mkondo ina kila sababu ya kulalamika. Omu zile 4 zilikuwapo tangu asubuhi.

Kwa sababu hiyo sina imani na kipimo cha omu peke yake kwenye waya. Mita hupima kwa mkondo mdogo mno, kiasi kwamba waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya nyuzi nyingi huonekana mzima kabisa. Waya upimwe ukiwa umebeba mzigo: solenoidi ikiwa inafanya kazi, uweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye sehemu ambayo kompyuta inapata hasi yake, kisha usome volti zinazopotea njiani. Zikizidi volti 0.1, ifuate njia hiyo hatua kwa hatua hadi kwenye bolti ya ethi, inayounganisha hasi na bodi ya gari. Upande wa chanya upimwe vivyo hivyo. Kipimo hiki ni cha dakika chache na mita ya kawaida inakitosheleza, na bado ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Soketi iliyo kwenye ganda la giaboksi inastahili kuangaliwa kwa jicho la karibu. Ichomoe taratibu na umulike ndani. Utafute pini iliyoingia ndani kidogo kuliko wenzake, unga wa kijani kwenye mzizi wa pini, au utando wa mafuta. Kisha uchukue pini ya kiume ya saizi ileile, uichomeke kwenye kila tundu na kuivuta, huku vidole vikisikiliza: tundu zima hushika, na lililopanuka huiachia pini itoke bila kizuizi. Matundu mengi yaliyopanuka yalipanuliwa na mafundi waliosukumia ncha nene za mita humo, na ni jambo linaloniuma, kwa sababu gari limeongezewa ubovu wa pili wakati linatafutiwa dawa ya ule wa kwanza. Kutoboa ganda la waya kwa sindano nako ni hivyohivyo, kwani maji huingia kwenye kitobo na shaba ikaoza kimyakimya. Kuhusu mafuta, yakipita kwenye oringi (mpira wa duara wa kuzibia) iliyochoka yanaweza kupanda ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba, hadi kwenye kompyuta. Giaboksi ya Mercedes-Benz 722.6 inafahamika sana kwa tatizo hilo, kwa hiyo anayeishughulikia afungue pia soketi ya kompyuta na kuangalia kama kuna unyevu wa mafuta.

Sensa za mzunguko, zinazopima kasi ya shafti, zina hila yake. Ishara inaweza kukatika kwa sehemu ndogo ya sekunde tu, na mita ya kawaida, ambayo huonyesha wastani, haitaliona pengo hilo kamwe; osiloskopu, kifaa kinachochora ishara ya umeme kama grafu, italionyesha. Asiye nayo arekodi grafu ya mwendo wa shafti kwenye mashine ya kusomea kompyuta, na aitazame kwa akili ya mtu anayejua vyuma. Shafti inayozunguka mara 2,000 kwa dakika haiwezi kufika sifuri na kurudi 2,000 kwa kufumba na kufumbua. Grafu ikionyesha hivyo, iliyosimama ni ishara, wala si shafti. Klachi inayoteleza huchora mlima unaopanda, na haichori shimo lenye kingo zilizosimama wima.

Swichi ya nafasi za gia nayo isisahaulike, hasa ikiwa herufi ya gia hupotea kwenye dashibodi au gari hukataa kuwaka kwenye P na kukubali kwenye N. Vilevile alteneta yenye dayodi mbovu (sehemu inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo wa moja kwa moja) huchafua umeme wa gari zima na kuichanganya kompyuta; volti za mkondo geu zikizidi 0.5 kwenye betri, anza na hiyo alteneta.

Ubovu ukishapatikana, sehemu iliyooza ikatwe hadi kwenye shaba inayong'aa, iungwe na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na tundu lililopanuka libadilishwe badala ya kubanwa kwa koleo. Wayaringi iachiwe ulegevu wa kutosha, maana injini hucheza kwenye mipira yake, na isogezwe mbali na bomba la moshi. Kisha sharti lile lile lirudishwe. Kama ubovu ulikuja na joto, gari liendeshwe hadi mafuta yafike kwenye joto lile lile, mita ikiwa imeunganishwa, na wayaringi itikiswe kwa mkono gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Kazi ambayo haijapitia hapo mimi siihesabu kuwa imekwisha.

Na ikiwa vipimo vyote vya nje ni safi, na omu zinazopimwa kwenye soketi ya giaboksi zinarukaruka mafuta yakiwa ya moto, basi kosa limo ndani. Hata hapo, kwenye giaboksi nyingi solenoidi na nyaya zake za ndani hufikiwa kwa kufungua sampo (bakuli la mafuta) kutoka chini, giaboksi ikiwa bado imefungwa kwenye gari.