Darsa ya simuni na sheikh asiyekujua

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa, na Waislamu wa pwani wakasoma hoja za islahi, yaani marekebisho, kwa Kiswahili chao. Kwa hiyo dini kuingia TikTok kusitushtue sana. Magazeti yalitumika, redio ikatumika, kanda za kaseti zikatumika, sasa ni zamu ya simu.

Na kheri yake naiona nyumbani. Mpwa wangu wa kike, miaka 19, hakuwahi kukaa darsa ya msikitini kwetu; ilikuwa baada ya Isha, na ya wanaume. Leo yumo kwenye kundi la WhatsApp la akina dada wanaosoma tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani. Anarekodi aya za Suratul-Mulk, mwalimu anamrudishia sauti: "Ghunna hukuitimiza, rudia," yaani ile sauti ya puani. Anarudia mara nne, mara tano, yuko jikoni, mwiko mkononi.

Kaka yake naye klipu zimemrudisha kwenye swala, alhamdulillahi. Ila mfungo sita uliopita, mwezi wa maulidi, alimwambia bibi yake, mbele ya wageni, kwamba maulidi yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na kila bidaa ni upotevu. Ushahidi wake ulikuwa video ya dakika moja. Bibi hakujibu, akaendelea kuchambua mchele.

Wanaopinga maulidi wana hoja zao, na sisemi kijana anyamaze kwa kuwa bibi ni bibi. Lakini maulamaa wamehitilafiana katika jambo hili karne na karne, na ile dakika moja haikumwonjesha hata chembe ya khilafu hiyo, sembuse adabu ya kuizungumza na mkubwa wake. Mitandao nayo hupenda ugomvi: masheikh wawili wakirushiana maneno, video inafika kila simu, somo la twahara la saa nzima linabaki na watazamaji wachache.

Wazee wanaowalaumu vijana nao wajiulize ni mara ngapi kijana aliuliza swali kwenye chuo cha Kurani akaambiwa ana ukaidi. Simu haikumkaripia, ndiyo maana akaifuata.

Hata hivyo mwalimu wa tajwidi naye yumo simuni, na mpwa wangu akikosa siku mbili humpigia kumuulizia. Kaka yake akiacha swala mwezi mzima, yule wa kwenye video hatajua.