Boti za Kivu hazipewi siku ya kupumzika

Kila mwezi wa nne, vikundi vyetu vya WhatsApp vya watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tulioko Ulaya vinajaa picha za bandari za huku: boti zimepangwa juu ya vyuma, wazee wa kizungu wameshika brashi, na mtu anaandika chini yake, "Angalieni wenzetu wanavyotunza vitu. Sisi tungekuwa tumeshaiacha ioze." Wengine wanaweka vidole juu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, mtaa wa Nguba, kando ya Ziwa Kivu, naishi Lausanne, Uswisi, na nina fungu langu katika boti ndogo ya tanga tuliyoinunua kwa kuchanga na wenzangu wa kazini. Brashi hiyo nimeishika mwenyewe. Na maneno hayo ya kwamba sisi hatujui kutunza yamenichosha, kwa sababu si kweli.

Kwanza tuelewane boti za huku zinatolewa majini kwa nini. Ziwa Léman, ambalo Lausanne iko ufuoni mwake, lenyewe haligandi, lina kina cha hadi mita 310. Kinachozifukuza boti ndogo ni upepo wa kaskazini-mashariki unaoitwa bise. Unarusha mawimbi juu ya kuta za bandari, na baridi inayageuza matone kuwa barafu juu ya kila yanachokigusa. Januari 2005 pale Versoix, karibu na Geneva, magari na boti vilifunikwa na barafu nene mpaka picha zake zikazunguka dunia. Tena maji yakisahauliwa ndani ya injini yanaganda na kupasua chuma. Kwa hiyo vuli ikiingia, mlingoti unalazwa, injini inakaushwa, turubai inafungwa juu, na boti inalala nchi kavu mpaka joto lirudi.

Joto likirudi, kazi inaanzia tumboni mwa boti, mahali ambapo ikiwa majini hakuna anayepaona. Unakwangua rangi ya zamani pamoja na kome walionata hapo (siku hizi ni wale wadogo wanaoitwa quagga, walionekana Léman mwaka 2015 na sasa wamejaa hadi ndani ya mabomba). Unapiga msasa umevaa barakoa, maana vumbi la rangi ile ni sumu, kisha unapaka mpya. Kipande cha magnesiamu kilichofungwa karibu na pangaboi ukikikuta kimeliwa nusu, usisikitike, ndiyo kazi yake: kinaliwa chenyewe ili chuma cha injini kipone. Unafunga kingine.

Baada ya hapo ni waya zinazoshika mlingoti. Fundi mmoja mstaafu wa pale bandarini alinionyesha namna ya kuzikagua. Usipitishe kidole, pitisha pamba. Unashika kitonge cha pamba, unakiteremsha polepole kwenye waya kutoka juu hadi chini. Pamba ikinasa na kuacha nyuzi nyeupe, ujue hapo pana uzi wa chuma uliokatika, na waya hiyo haipandi tena. Kwetu pamba ilinasa sehemu ya chini kabisa, karibu na kiungo, mahali ambapo kwa macho waya ilikuwa inang'aa kama mpya.

Siku ya kuishua, kreni inainyanyua boti kwa mikanda miwili mipana, inaishusha mpaka maji yalifikie tumbo, halafu inasimama. Haiachii. Mmoja wetu anaruka ndani, anainua mbao za sakafu, anapapasa kila tundu lililotobolewa tumboni, kila valvu, na kile kizibo cha kutolea maji ambacho kila msimu kuna mtu bandarini anakisahau. Vidole vikitoka vikavu anapaza sauti, na hapo ndipo mikanda inalegezwa. Nyuma kuna foleni ya boti nyingine, kreni inalipiwa, na bado hakuna anayemharakisha mtu aliyeinama mle ndani.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka muone ni nani anayemlazimisha mzungu kuangalia tumbo la boti yake. Si tabia njema aliyozaliwa nayo. Ni baridi. Baridi inamtoa majini atake asitake, na boti ikiwa nchi kavu miezi yote hiyo mbele ya macho yake, hata mvivu atashika brashi. Sheria nazo zipo: upande wa Uswisi huendeshi boti yenye tanga zaidi ya mita 15 za mraba bila kibali, wala mota inayozidi kilowati 6. Lakini karatasi haikwangui kome.

Sasa twende Kivu. Nenda kisiwa cha Idjwi, au ufuo wowote wenye mafundi wa mbao, uangalie boti ikipandishwa mchangani juu ya magogo ya mikaratusi, vijana wakivuta kwa wimbo. Fundi anazunguka na nyundo yake, anagonga ubao mmoja baada ya mwingine na kusikiliza. Ubao mzima unaitika, uliooza sauti yake inafifia. Kwenye nyufa anashindilia pamba, ndiyo, pamba ileile, kisha anamwaga lami ya moto. Hakuna mtu wa Léman wa kumfundisha huyo kitu. Wengi wa huku boti zao ni za plastiki na ubao mbovu hawajawahi kuusikia.

Halafu waangalie wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wavu unashuka katikati, taa zinawaka juu ya maji na samaki wanazifuata. Samaki hao wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo bila wao Bukavu haili. Ila mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linaangaza na taa hazivuti kitu. Usiku huo kwenda ni kuchoka bure. Basi mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, nyufa zinazibwa. Mvuvi wa Kivu ana majira yake ya baridi kila mwezi, na anayatumia vizuri kuliko sisi na boti yetu ya kuchangia.

Asiye na mapumziko ni mwenye boti ya abiria na mizigo. Maji ya juu ya Kivu yako kwenye nyuzi 24 hivi mwaka mzima. Hakuna barafu ya kumtoa, na mwezi mpevu kwake ni taa ya bure ya kusafiria. Maharagwe ya Kalehe na mananasi ya Idjwi lazima yafike Bukavu. Kapiteni kila jioni ana pesa ya kumpelekea mwenye boti, na siku moja boti ikiwa mchangani ni siku ambayo yeye, vijana wake na wabeba mizigo hawali. Kwa hiyo maji yakianza kuingia, kijana anawekwa nyuma na bidoni (dumu la plastiki) iliyokatwa, anachota na kumwaga, na safari inaendelea. Huyo si mzembe. Anajua boti inavuja kuliko mtu yeyote.

Najua nitajibiwa kwamba kwetu kinachoua watu si ubao mbovu, ni kujaza kupita kiasi. Sibishi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu waliokuwa ufuoni wakiiona kwa macho, na ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Hakuna pamba wala lami ambayo ingewaokoa wale. Lakini tukumbuke ilijaa kwa nini: barabara ya Goma kwenda Minova kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita, na watu wote na magunia yote wakaelekea ziwani. Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, safari hazijawa rahisi zaidi. Boti chache zikibeba kazi ya barabara nzima, hakuna mwenye boti atakayesema leo yangu inapumzika. Kujaza na kutokukagua vinatoka tumbo moja.

Baada ya ajali ile sisi wa huku tulichanga majaketi ya kuokolea maisha. Sina ubaya na majaketi. Ila jaketi linapigwa picha vizuri, na siku ya mapumziko haipigiki picha, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuichangia.

Kuna kitu kimoja cha huku ambacho ningekihamishia kwetu kesho asubuhi, nacho ni taa za rangi ya chungwa zilizozunguka ziwa. Zikimulika mara 40 kwa dakika, upepo mkali unaweza kuja. Zikifika mara 90, ni dhoruba, rudi nyumbani. Mtoto anaelewa, asiyejua kusoma anaelewa. Na milima yetu ya upande wa Kabare ni kati ya sehemu zinazopigwa radi kuliko karibu zote duniani! Nilipokuwa nakua Nguba sikuwahi kuona taa ya namna hiyo. Tuliangalia wingu upande wa Idjwi, na tuliangalia uso wa kapiteni.

Mengine ya huku wabaki nayo. Nikipita bandarini mwezi wa saba, jua linawaka, upepo mzuri, boti nyingi zaidi zimefungwa pale pale zilipofungwa mwezi wa tano. Zimepakwa, zimeng'arishwa, na zinatunzwa kama sahani za kabatini zinazosubiri wageni ambao hawaji. Mtu analipia nafasi ya bandari mwaka mzima ili atoke Jumapili mbili. Ukiniuliza ipi imetimiza kazi yake, ile iliyobeba magunia na akina mama wa sokoni miaka nenda rudi huku ikivuja, au hii, jibu langu unalijua.

Nilimpigia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayefanya biashara kati ya Bukavu na Idjwi, nikamwambia wazo langu. Wenye boti wa bandari moja wafanye likelemba, yaani upatu, mchango wa zamu, si ya pesa ya kununua bati, ni ya siku. Kila mmoja anatoa kidogo, boti moja inapanda mchangani kwa zamu, na mwenyewe anapewa mchango wa wenzake kufidia alichokosa. Likelemba kila mtu Bukavu anaijua, hakuna wa kufundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Yaya, siku ile boti iko ku muchanga, bantu bake batapanda nini? Batapanda ile ingine, yenye ilikuwa tayari imejaa."

Nilinyamaza. Ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa, kwa heshima, lakini hapo mkubwa alikuwa yeye. Tulikaa na hilo siku kadhaa, kisha yeye mwenyewe akarudi na suluhisho ambalo mimi wa Lausanne nisingeliona: siku ya soko boti zote zinajaa, ila kesho yake zinaenda nusu tupu. Zamu ya kupumzika iwekwe siku hiyo, hakuna abiria atakayebaki ufuoni. Fundi anapata mchana mzima wa kugonga mbao zake, na kazi kubwa ikionekana, inapangwa siku ya soko ikipita tena.

Wenye boti wanaotaka kujaribu wapo. Sasa hivi wanabishana nani atashika sanduku, na kama kapiteni ambaye boti si yake naye ana fungu. Wengine wanasema mwenye mali atajua namna ya kumtuliza. Mimi nimeahidi kutuma sehemu ya mchango wa kwanza, na nimemwambia mdogo wangu wazi kwamba kama kapiteni na vijana wake hawamo kwenye mgao, sitoi hata faranga moja, maana mwenye boti siku hiyo atakula, na wao ndio watakaolala njaa.