Ukisimama kwenye miaka 25, jembe utalishika milele

Kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, swali lilikuwa jepesi: ukipewa nafasi ya kusimamisha umri wako, mwili na sura vibaki palepale milele, ungesimama ukiwa na miaka mingapi? Karibu wote wakasema 25. Kahawa haikupata hata muda wa kupoa.

Nawaelewa. Mifupa hukomaa hadi kwenye 30 hivi, kisha misuli huanza kupungua polepole, na ukivuka 40 unaanza kuisogeza simu mbali na uso ili usome meseji. Kwa mwanamke hesabu ni kali zaidi, maana uwezo wa kushika mimba hushuka baada ya 35. Anayetaka kuzaa tena na tena huwezi kumwambia asubiri 45. Hilo sibishani nalo.

Ila wa 25 wanahesabu mwili peke yake. Huku kwetu umri wako wanausoma wengine, na wanausoma usoni. Chukua mtu aliyeganda kwenye 25 pale Uyole. Miaka 30 ikipita, aliosoma nao wanapishwa kiti kwenye daladala. Yeye konda aliyezaliwa juzi anamwita dogo na kumwambia asogee nyuma. Shikamoo atazitoa, za kupokea hazipo.

Sasa mpeleke msibani. Kila kijana wa Rungwe au Mufindi anajua kitakachotokea: wazee wanakaa chini ya turubai wanapanga ratiba, halafu mmoja anauliza, "Vijana wako wapi?" Majembe na sururu zinaondoka. Ni kazi ya heshima, na inavumilika kwa kuwa ina mwisho. Iko siku unafika makaburini, mtu anakupokonya jembe na kukwambia, "Kaa, mzee." Kwa wa 25 siku hiyo haiji. Atamchimbia babu, atamchimbia baba, atawachimbia waliokuwa wakipokezana naye sururu, na mwishowe wanawe mwenyewe. Na mjukuu mwenye mvi ndiye atakayemwonesha pa kuanzia. Jioni kikao cha ukoo kikikaa kuamua shamba la chai, atatumwa kuleta viti.

Mtu atasema watu watazoea, watajua kwamba yule kijana ana miaka 90. Kijijini labda. Stendi je? Benki je? Utatembea na cheti cha kuzaliwa shingoni?

Na kichwa nacho hakikomai kwa mkupuo. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha utafiti wa karibu watu 50,000: kasi ya kufikiri hufika kileleni kwenye miaka 18 au 19, lakini kusoma hisia za mtu kupitia macho yake huimarika hadi 40 na kuendelea, na utajiri wa msamiati huchelewa zaidi ya hapo. Kwa anayeuza, anayefundisha au anayesuluhisha ndoa za watu, hicho cha pili ndicho mtaji. Katiba yetu nayo ina hesabu yake: ubunge unagombea ukiwa na 21, urais mpaka utimize 40.

Wawili walisema 60. Nadhani walikuwa wanafikiria pensheni, na sijui ni mfuko gani utakaoilipa milele.

Mimi nasema 42. Uso umeshaanza kupata mistari ya kupewa shikamoo, magoti bado yanapanda mlima Loleza bila kuomba radhi, na miwani ya kusomea, ukiihitaji, inauzwa barabarani. Makaburini utashika jembe kidogo mwanzoni, kwa kuonesha mfano, kisha utampisha mwingine.

Nilidhani hoja yangu imekamilika hadi nilipoipeleka sokoni Soweto, kwa kijana aliyekuwa ameketi juu ya lumbesa ya viazi vya Umalila akisubiri gari. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mzee," akasema, "kaka yangu ana 42. Mgongo wake aliacha kubebea mwaka juzi." Fuso ikaingia, akashuka, akainama wampandishie gunia.