Sahani au Raba: Kipi Hasa Kinachopunguza Uzito?

Jumamosi alfajiri ukipita barabara za Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma utakutana na vikundi vya jogingi vimevaa fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za mchakamchaka nyuma. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Hiyo ni kambi ya raba. Kambi ya sahani ina msemaji wake maarufu, Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Mahubiri yake ya kupunguza kula, hasa wanga na sukari, yamewaingia watu kiasi kwamba huwezi kuweka mtandaoni picha ya sinia la pilau bila mtu kukutajia jina la profesa.

Mtu anayetaka kupunguza kilo kumi afuate kambi ipi? Jibu la "zote mbili" ni la kweli, ila halimsaidii mwenye saa moja ya ziada kwa siku na mfuko uleule. Ninavyoona mimi, sahani na raba zina kazi tofauti zinazofanyika kwa nyakati tofauti, na balaa letu ni kuitwika raba kazi ya sahani.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo kambi ya raba inapoelemewa. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anatumia takriban kalori 70. Kilomita tano, ambazo kwa asiyezoea ni jasho na kichomi, ni kalori 350. Chapati ya mgahawani, iliyokandwa kwa mafuta ikakaangwa kwa mafuta, kwa kawaida haipungui 250. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, yaani kalori 150 hivi, na inaisha kabla hujaletewa chenji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na muuza chipsi hapimi kwa kijiko. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba karibu kalori 7,700. Ukitaka kuimaliza kwa mbio tupu utakimbia hizo kilomita tano mara 22, bila kuongeza hata tonge moja.

Na tonge huongezwa. Kinachofuata baada ya jogingi kinajulikana: supu, chapati mbili, soda baridi, maana "leo nimepiga tizi". Kalori 350 zimelipwa mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Unaweza kusema huo ni ujanja wa kalamu. Lakini ushahidi uliotikisa imani ya dunia kuhusu mazoezi na uzito ulitoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer wa Marekani na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, walichapisha utafiti kuhusu Wahadza wa maeneo ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwanywesha maji yaliyotiwa isotopu zisizo na madhara, yaani atomi zinazoweza kufuatiliwa zikitoka mwilini, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia inayoonyesha vizuri kuliko nyingine zote mwili umetumia nishati kiasi gani katika maisha ya kawaida. Wahadza hutembea kuliko karani yeyote wa London au Chicago, kwa hiyo kila mtu alitarajia watumie nishati nyingi zaidi. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa miili yao, matumizi yao kwa siku yalikuwa sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaishi kwa bajeti, kama kaya ya mshahara mmoja: ada ya shule ikipanda, mboga hupungua. Ukiutembeza sana, unabana matumizi ya ndani usiyoyaona. Wahadza hawana vitambi, lakini kwa mantiki hii wanachowashindia wakazi wa mijini ni chakula chao zaidi ya miguu yao.

Hapa inabidi kambi ya raba isikilizwe. Uchambuzi wa mwaka 2021, ambao Pontzer mwenyewe alishiriki, ulipitia vipimo vya watu wazima zaidi ya 1,700 na kukuta kwamba kwa wastani mwili hufidia kama asilimia 28 ya nishati inayotumika kwenye shughuli. Geuza hesabu hiyo: zaidi ya theluthi mbili ya jasho lako bado inahesabika. Anayesema mazoezi hayachomi chochote anazidisha chumvi. Shida ni kwamba uchambuzi huohuo uliona wenye mafuta mengi mwilini wakifidia zaidi, kwa hiyo anayehitaji sana faida hiyo ndiye anayeipata kidogo.

Ushahidi wa upande wa sahani hauishii kwenye hesabu. Uingereza, katika utafiti ulioitwa DiRECT, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliwekwa kwenye vinywaji na supu maalumu za kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Mkazo wa mazoezi ulingojea mpaka vyakula vya kawaida viliporudishwa. Baada ya mwaka walikuwa wamepungua wastani wa kilo 10, na asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimerudi nyuma bila dawa. Halafu zikaja sindano zinazovuma sasa, za semaglutidi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, waliochomwa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Dawa hiyo haimtoi mtu kitandani kwenda kukimbia. Inamkata hamu ya kula, basi. Kama ungetaka kujua kufuli la uzito liko mlango gani, funguo iliyolifungua ni hiyo.

Mechi ingekuwa imeisha hapo kama kupunguza uzito kungekuwa ndiyo kazi yote. Lakini kila aliyewahi kupunguza kilo nane kabla ya harusi na kuzirudisha kumi kabla ya Krismasi anajua kwamba kushuka ni nusu ya safari, na katika nusu ya pili raba inaamka. Marekani kuna daftari la kitaifa la waliofanikiwa, lililofunguliwa mwaka 1994, lenye zaidi ya watu 10,000 waliopunguza walau kilo 13 na ushee na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Karibu wote walibadili ulaji. Lakini asilimia 90 hufanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi lao kuu ni kutembea tu. Wenye kushuku watasema daftari la waliofaulu halituonyeshi walioshindwa, nao wana haki. Basi tuchukue washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, The Biggest Loser, waliofuatiliwa kwa miaka sita. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58, wakarudisha 41. Miili yao ikiwa imetulia ilitumia kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa, kana kwamba bado inajihami na njaa. Wachache waliofanikiwa kuuzuia uzito usirudi walitofautiana na wenzao hasa kwa kiasi cha mwendo na mazoezi.

Wadenmark nao walichukua watu 195 waliokwisha kupungua kilo 13 kwa mlo mdogo wa wiki nane, wakawagawa: wengine mazoezi, wengine dawa ya liraglutidi, jamaa ya semaglutidi, wengine vyote viwili, wengine dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu. Baada ya mwaka, waliounganisha dawa na mazoezi ndio waliokuwa mbele. Mwaka mwingine ukapita bila dawa wala msimamizi, na waliotegemea dawa peke yake ndio waliorudisha uzito zaidi kuliko waliokuwa wamejengewa mazoezi. Ukiongeza kwamba anayekonda kwa njaa pekee hupoteza na misuli, ambayo kwa mtu wa miaka 60 ndiyo inayomwinua kwenye kiti, utaelewa kwa nini simwambii mtu aitupe raba yake.

Kuna jambo jingine linalopotosha mjadala huu, nalo ni fedha. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Coca-Cola ilikuwa inafadhili mtandao wa wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakisisitiza mazoezi na kuififisha hoja ya chakula na vinywaji. Mtandao huo ulivunjwa mwaka huohuo. Hainifanyi niyakatae mazoezi, ila kila nikiona bango la kampuni ya vinywaji kwenye mbio za hisani huwa natabasamu. Na kambi ya sahani isijione safi: majani ya kukata tumbo, juisi za kusafisha mwili, vifurushi vya siku saba, vyote vinauzwa kwa jina lake.

Sasa turudi nyumbani, maana utafiti wa Denmark haukufanyika kwenye nyumba ambayo mama mkwe ndiye anayepakua. Kuambiwa "kula kidogo" kwetu ni agizo zito kuliko kuambiwa ukimbie. Mkibaki wawili kwenye sinia, ukinawa mapema umemuudhi mwenyeji. Ukikonda, shangazi anakuuliza kama unaumwa, na miaka ya mwanzo ya UKIMWI ilitufundisha kuliogopa swali hilo. Ukinenepa unaambiwa maisha yamekukubali. Anayetoka kazini Posta akafika Mbagala saa tatu usiku baada ya foleni anakutana na ugali wa siku nzima kwa mkupuo mmoja. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni karibu kalori 200 ambazo hakuna anayezihesabu kuwa chakula. Ndiyo maana fulana ya jogingi inapendwa: inakuonyesha unajali afya bila kumgusa mpishi.

Takwimu za kitaifa zinaweza kuvutwa na kila upande. Wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika 28 katika uchunguzi wa 2015-16. Kenya ilipanda kutoka 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014. Kambi ya raba itasema hiyo ndiyo miaka bodaboda iliyotunyang'anya mwendo wa kutoka kituoni hadi nyumbani. Kambi ya sahani itataja mafuta, soda na chipsi mayai zilizosogea hadi mlangoni. Naamini vyote vilichangia, lakini kwa hesabu ya hapo juu, kilomita mbili za bodaboda ni kalori mia na kitu, na chipsi mayai moja inazimeza hizo mara kadhaa.

Kwa hiyo mtu wa kilo 110 mwenye magoti yanayolia, ningemwanzisha kwenye vinywaji na mafuta: soda na sukari ya chai kwanza, kisha vikaangwa, kisha tonge la usiku. Mbio zisubiri. Atembee tu, na mara mbili kwa wiki afanye mazoezi ya nguvu, hata kwa kusimama na kukaa kwenye kiti, ili kinachopungua kisiwe misuli. Kilo zikianza kushuka ndipo mwendo uongezwe kuelekea dakika 150 hadi 300 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, maana kuanzia hapo kazi inakuwa ya kuzuia zisirudi.

Na pamoja na mizani anunue utepe wa fundi cherehani. Mazoezi hupunguza mafuta yanayozunguka ini na utumbo hata wiki ambazo mizani haisogei, na wengi huacha jim kwa sababu wanaangalia namba moja tu. Kiuno cha sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka inayotumika sana kuonyesha hatari inaanza kupanda. Apime asubuhi kabla ya chai, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani.