Kila mtu bosi, likizo nani asaini?

Jamani, ofisini kwetu hapa Tanga hakuna meneja. Sote sawa! Haya, fomu yangu ya likizo anasaini nani? Sote. Yaani hakuna.

Maji ya kunywa yameisha: kikao. Printa imekwama: kikao. Kupanga tarehe ya kikao: kikao! Tukitoka humo, hata muuza mkate wa kumimina kule Ngamiani keshafunga.

Wanaousifu mfumo huu wanatutajia Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Marekani, eti haina mameneja na meza zina magurudumu, ujisogeze kwenye kazi uitakayo. Zetu hata droo hazifunguki! Na mbona Zappos, kampuni ya huko huko ya kuuza viatu mtandaoni, nayo iliondoa mameneja, hawaitaji? Mwaka 2015 wasioutaka mfumo huo waliambiwa wachukue malipo waondoke, wakaondoka zaidi ya 200. Mimi ningeshafika Pangani.

Na msidanganyike, bosi yupo. Ni yule mkongwe mwenye ufunguo wa stoo. Cheo hana, ila akikohoa tu, kikao kizima kinabadili mawazo. Meneja ungemshtaki kwa mkurugenzi; huyu unamshtaki wapi? Kikaoni, anakoongoza yeye mwenyewe?

Nyie mnaolalamikia mameneja wenu, hebu tuazimeni mmoja. Hata mkali. Hata wa nusu siku.