Vibaka wanapenda giza, si njia
Wagombea uenyekiti wa mtaa wanabishana kuhusu njia ya waenda kwa miguu kando ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Mmoja anasema italeta vibaka, mwenzake anasema italeta afya. Jamani, watu tunapita huko tayari! Msimu wa masika navuka Kigogo viatu mkononi, suruali nimekunja hadi magotini, na kwenye mfuko wa rambo nina kitambaa cha kufutia tope nikifika lami. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo nyumba hapo hapana. Tukipita je? Mheshimiwa mtarajiwa atuambie taa zitakuwa ngapi, na nani atazoa taka zinazoziba kalavati.